Harry Thuku na Vita Dhidi ya Shokoa: Funzo la Historia na la Msamiati wa Utumwa

Utangulizi

Mwanafunzi anayetoka katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kufuata Barabara ya Harry Thuku hupita baina ya majengo mawili yenye historia nzito. Upande mmoja ipo Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kuwa baraza la walowezi wa Kizungu. Hatua chache kutoka hapo kipo Kituo Kikuu cha Polisi, ambapo mwezi Machi 1922 watu wasiokuwa na silaha walipigwa risasi wakidai kiongozi wao afunguliwe. Aliyefungwa siku hiyo ndiye aliyeipa barabara hiyo jina.

Utumwa unapofundishwa katika Afrika Mashariki, aghalabu mawazo ya wanafunzi huelekezwa Unguja, Bagamoyo, Kilwa na Mombasa. Nairobi haitajwi, kwani mji huo ulianza kama kituo cha reli mwaka 1899, wakati ambapo soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa kwa zaidi ya miaka 25. Hata hivyo, watu waliokusanyika mjini humo mwaka 1922 walikuwa wakipinga kulazimishwa kufanya kazi, kuvishwa vyeti shingoni na kunyimwa haki ya kumwacha mwajiri. Makala haya yanachunguza maisha ya Harry Thuku kwa kuongozwa na swali moja: je, vita alivyoviongoza vinaweza kuhesabiwa miongoni mwa vita dhidi ya utumwa? Ili kulijibu, ni sharti kwanza maneno yenyewe yapimwe.

Utumwa, Shokoa na Uhuru: Maana ya Istilahi

Neno mtumwa limetokana na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa. Kwa maana ya asili, mtumwa ni yule anayetumwa. Mapenzi yake hayaulizwi. Mzizi huohuo umezaa mtume, ambaye hupewa ujumbe na heshima ya kuupeleka, na pia mtumishi, kutokana na kitenzi tumika, ambapo sauti k hugeuka sh kama ilivyo katika pika na mpishi. Hivyo basi, mtumwa, mtume na mtumishi ni ndugu wa tumbo moja. Kinachowatenganisha ni hiari, na heshima anayopewa mtendaji.

Neno shokoa lina maana ya kazi ya kulazimishwa, hususan ile inayoamriwa na watawala. Mfanya shokoa hauzwi sokoni wala harithiwi pamoja na mali ya marehemu. Anabaki na jina lake, ukoo wake na nyumba yake. Lakini siku askari wa chifu wanapofika mlangoni, hana uwezo wa kusema hapana.

Neno uhuru nalo linastahili kuangaliwa. Kabla halijawa kaulimbiu ya vyama vya siasa, katika jamii za pwani uhuru ulikuwa hali ya mtu aliyetolewa katika utumwa. Kinyume cha huru kilikuwa mtumwa. Vilevile neno mtoro, ambalo pwani lilitumiwa kwa watumwa waliomtoroka bwana na kuanzisha makazi yao, kama vile Fuladoyo nyuma ya Malindi, halikukosa kazi baada ya sheria kubadilika. Lilimfaa pia kibarua aliyeondoka shambani kabla ya kumaliza mkataba wake. Lugha, kwa hiyo, ilitambua ufanano ambao sheria haikutaka kuutambua.

Kisheria, hadhi ya utumwa ilifutwa Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tanganyika ilisubiri hadi 1922, mwaka uleule damu ilipomwagika Nairobi. Serikali ya Uingereza ilijivunia sheria hizo. Swali lililobaki ni hili: baada ya mtu kuacha kuwa mali ya mtu mwingine, je, jasho lake lilikuwa limerudi mikononi mwake?

Kenya Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza

Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua maelfu kwa maelfu ya Waafrika kuwa wapagazi wa jeshi la Uingereza, na makumi ya maelfu yao hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi na njaa. Jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi, kama lile la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi. Waliosalimika walirudi katika nchi iliyozidi kuwabana.

Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowaagiza maafisa wa wilaya, na kupitia kwao machifu, kuwahimiza Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Waraka ulitumia lugha ya kuhimiza. Kijijini, himizo la chifu lilikuwa amri. Wanawake na wasichana walikusanywa na kupelekwa katika mashamba ya kahawa, na malalamiko kwamba baadhi yao walidhulumiwa kimwili yalienea. Aidha, sheria ya 1920 iliiruhusu serikali kuwalazimisha wanaume kuifanyia kazi kwa ujira hadi siku 60 kwa mwaka.

Mwaka huohuo wa 1920, Kenya ilifanywa koloni rasmi na utaratibu wa kipande ukaanza kutekelezwa. Kipande kilikuwa cheti chenye alama za vidole, ambacho mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kuwa nacho. Kilihifadhiwa katika kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na katika Kikuyu watu walikilinganisha na mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Uzito wake haukuwa wa chuma peke yake. Mwajiri aliandika humo siku ya kuajiriwa, ujira na siku ya kuachishwa. Kibarua ambaye mwajiri hakutia sahihi ya kumwachilia hakuweza kuajiriwa kwingine, na kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa la jinai, si mgogoro wa kawaida wa mkataba. Dola iligeuka mlinzi wa lango la kila shamba.

Juu ya hayo, kodi ya nyumba ilipandishwa hadi shilingi 16, na mwaka 1921 walowezi wakaafikiana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kodi ilimsukuma mtu kutoka nyumbani, kipande kikamfunga kazini, na mshahara ukapungua akiwa amefungwa humo. Hiyo ndiyo mitambo ambayo Thuku alijitokeza kuikabili.

Malezi na Elimu ya Thuku

Harry Thuku alizaliwa mwaka 1895 huko Kambui, Kiambu. Alisoma kwa miaka minne katika shule ya wamisionari wa Gospel Missionary Society, kisha mwaka 1911 akaenda Nairobi kutafuta kazi. Mwanzo wake mjini haukuwa wa sifa: alihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la kughushi hundi, jambo ambalo yeye mwenyewe hakulificha alipoyasimulia maisha yake uzeeni.

Baada ya kifungo alipata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha kuchapishia gazeti la Leader, lililokuwa sauti ya walowezi. Kazi hiyo ilikuwa chuo chake cha pili. Herufi baada ya herufi, kijana huyo alipanga hoja za watu waliojadili namna ya kumpata Mwafrika kwa ujira mdogo zaidi, bila kufikiri kwamba mpanga herufi naye anasoma. Mwaka 1918 akawa mwendeshaji simu katika Hazina ya serikali. Kwa hiyo alipoingia katika siasa alikuwa na mambo matatu ambayo machifu wengi hawakuwa nayo: aliijua lugha ya watawala, aliujua uwezo wa maandishi yaliyochapishwa, na mshahara wake haukutegemea ridhaa ya afisa wa wilaya.

Kutoka Dagoretti Hadi Pangani

Tarehe 24 Juni 1921, machifu na wazee wa chama cha Kikuyu Association walikutana na maafisa wa serikali huko Dagoretti, magharibi ya Nairobi. Mahali hapo palikuwa na maana ya pekee. Ndiko alikotawala Kinyanjui wa Gathirimu, aliyepewa na Waingereza cheo cha chifu mkuu. Na ni katika eneo hilo la Dagoretti na Kikuyu ambako Waiyaki wa Hinga, ambaye jina lake sasa limepewa barabara kuu ya kuelekea magharibi ya jiji, aligombana na kampuni ya Kiingereza hadi akakamatwa na kuhamishwa mwaka 1892. Katika mkutano huo yalitajwa malalamiko juu ya kipande, mishahara, ardhi na kulazimishwa kwa wasichana kufanya kazi.

Thuku alihudhuria, na mkutano huo ukawa njia panda. Machifu walitaka malalamiko yapitie ngazi za kawaida za serikali, ilhali ngazi hizo ndizo zilizokuwa zikiitekeleza shokoa. Mwezi huohuo Thuku na wenzake walikuwa wameanzisha Young Kikuyu Association. Akiwa na shaka kwamba maneno ya Dagoretti yangeishia katika makabati, alipeleka malalamiko hayo London kwa simu ya maandishi, moja kwa moja kwa Wizara ya Makoloni. Kwa mtumishi wa serikali kulikuwa ni kuvuka mpaka, na aliachishwa kazi Hazina.

Mwezi Julai chama kilibadilisha jina na kuitwa East African Association. Badiliko hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Kipande hakikumuuliza mtu kabila lake, na Thuku alitambua kwamba chama cha kabila moja kisingeweza kukipinga. Kitovu cha harakati kilikuwa Pangani, kijiji cha Waafrika mjini Nairobi kilichojaa Waswahili na watu wa makabila mbalimbali, ambacho baadaye kilibomolewa. Kambui pangetosha kujenga chama cha Wakikuyu. Pangani palijenga chama cha wafanyakazi.

Thuku aliungana pia na Wahindi waliokuwa wakipigania haki zao, hususan Manilal Ambalal Desai, mhariri wa gazeti la East African Chronicle. Aidha, mwaka 1921 aliandikia taasisi ya Tuskegee, Marekani, akiomba msaada wa elimu kwa watu wake. Taasisi hiyo ilianza mwaka 1881 chini ya uongozi wa Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa.

Kiswahili Kama Silaha

Jambo linalopaswa kuwagusa zaidi wanafunzi wa Kiswahili ni lugha ya harakati hizi. Katika kiwanda cha Desai, Thuku alichapisha Tangazo, mojawapo ya majarida ya awali kabisa yaliyoendeshwa na Mwafrika nchini Kenya, na lugha yake ilikuwa Kiswahili. Uteuzi huo haukuwa wa bahati. Kikuyu kisingemfikia Mjaluo wala Mkamba aliyekuwa akiishi Nairobi, na Kiingereza kilisomwa na wachache. Kiswahili kilikuwa lugha ya Pangani, ya reli na ya magati ya kazi. Hata msamiati wa ukandamizaji wenyewe, kama vile kipande, kodi, nyapara, askari na karani, ulikuwa wa Kiswahili. Serikali na walowezi walikitumia kutolea amri. Thuku akakitumia kuhoji amri.

Neno kipande lenyewe ni mfano mzuri wa historia inayoishi ndani ya lugha. Hapo awali ni sehemu iliyokatwa ya kitu. Likaja kuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi ya kibarua, kisha cheti cha kikoloni. Sheria ya mwaka 1947 ilianzisha usajili wa watu wa rangi zote, na utaratibu wa zamani ukaondoka. Lakini katika mazungumzo ya kila siku, Wakenya wengi bado wanakiita kitambulisho cha taifa kipande. Chuma kimeondoka shingoni, jina limebaki ulimini.

Machi 1922: Siku ya Damu

Mwanzoni mwa mwaka 1922 Thuku alifanya mikutano mikubwa Kiambu na Murang'a, akiwahimiza watu wakatae kazi ya lazima na wavirudishe vipande kwa serikali. Wanawake ambao binti zao walikuwa wakichukuliwa walimwunga mkono kwa dhati. Walimpa sifa ya kuwa mkuu wa wasichana, kwa sababu aliithubutu shokoa iliyowaelemea.

Serikali ilimkamata jioni ya Jumanne tarehe 14 Machi 1922. Siku iliyofuata wafanyakazi wa Nairobi walianza kugoma: watumishi wa nyumbani, madereva na vibarua. Kufikia Alhamisi tarehe 16, maelfu walikuwa wamekizunguka kituo cha polisi. Wajumbe wao walikwenda kuonana na katibu mkuu wa serikali, Charles Bowring, wakarudi bila Thuku, na wakawasihi watu watawanyike. Baadhi walianza kuondoka.

Hapo ndipo alipojitokeza Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa asili ya Weithaga, Murang'a. Aliinua nguo yake na kuwaambia wanaume wampe suruali zao na wachukue nguo yake, maadamu wameshindwa kumtoa kiongozi wao. Katika mila za Wakikuyu kitendo hicho, kiitwacho guturama, ni laana nzito ambayo mwanamke huitumia pale maneno yote yanapokwisha. Wanawake walipiga vigelegele na umati ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa katika baraza ya Norfolk nao walifyatua za kwao. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilitaja watu 21 waliouawa. Hesabu iliyofanywa na Waafrika waliokwenda katika chumba cha maiti ilifika 56.

Baada ya siku hiyo wanawake walitunga wimbo ulioitwa Kanyegenyuri, ambao serikali iliupiga marufuku. Kwa hiyo kumbukumbu ya Nyanjiru ilihifadhiwa kwanza na fasihi simulizi, kabla ya kuhifadhiwa na kitabu chochote.

Uhamisho na Miaka ya Baadaye

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alihamishiwa Kismayu, na wenzake wawili, Waiganjo wa Ndotono na George Mugekenyi, nao wakahamishwa. Baada ya Jubaland kukabidhiwa Italia mwaka 1925, alipelekwa Lamu, Witu na hatimaye Marsabit. Aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930, miaka minane na zaidi tangu kukamatwa.

Nchi aliyoirudia ilikuwa imebadilika, naye pia. Mwaka 1932 alichaguliwa rais wa Kikuyu Central Association, chama kilichorithi East African Association, lakini mafarakano yakamfanya aunde Kikuyu Provincial Association mwaka 1935, chama kilichoahidi uaminifu kwa serikali. Mwaka 1944 alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichokuja kuwa Kenya African Union, kwa muda mfupi. Vita vya Mau Mau vilipoanza mwaka 1952, alijitokeza hadharani kuvipinga. Akabaki mkulima wa kahawa Kiambu, na mwaka 1959 akaingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Zao lililopandwa kwa shokoa ya wasichana, ambalo Waafrika walikuwa wamezuiwa kulilima, likawa riziki yake. Alifariki tarehe 14 Juni 1970.

Tathmini

Je, Thuku alipigana na utumwa? Upo ukweli katika pingamizi kwamba shokoa ya kikoloni haikuwa utumwa kamili. Kibarua wa Kiambu hakuuzwa, hakutenganishwa na watoto wake milele, na alilipwa, ijapokuwa kidogo. Kuziita hali zote za dhuluma utumwa ni kuwapunja waliofungwa minyororo kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa.

Hata hivyo, tukirudi katika mzizi wa neno, kiini cha utumwa ni kutumwa bila kuulizwa. Kwa kipimo hicho, msichana aliyepelekwa shambani na askari wa chifu, na kibarua aliyeadhibiwa kwa kumwacha mwajiri, walikuwa wamenyang'anywa kilekile alichonyang'anywa mtumwa: hiari. Mwezi Septemba 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, alitoa agizo la kuizuia serikali ya Kenya kuwatafutia waajiri binafsi vibarua kwa nguvu. Mwaka 1930 mataifa yalitia sahihi mkataba dhidi ya kazi za kulazimishwa. Sheria zilikuja kukubali kwamba mnyororo si sharti la utumwa. Agizo la Churchill lilikuwa na sababu nyingi, zikiwamo sauti za maaskofu na wabunge wa Uingereza, na si haki kumpa Thuku sifa yote. Alilofanya yeye ni kulileta dai hilo katika vinywa vya wanaotendewa.

Mabadiliko yake ya baadaye nayo yasifichwe. Mapinduzi ya mtu mmoja yanaweza kuwa ya miezi kumi tu, kutoka Juni 1921 hadi Machi 1922, na yakabaki mapinduzi. Anayetaka shujaa asiye na doa atamtupa Thuku wote. Anayetaka historia atamchukua pamoja na kughushi kwake, ujasiri wake na woga wake. Zaidi ya hayo, Thuku alikuwa ndani ya selo wakati damu ilipomwagika. Aliyelipa gharama ya mwisho ni Nyanjiru, na barabara inayopita mahali alipofia ina jina la mwanamume aliyekuja kumfia.

Hitimisho

Makala haya yamedhihirisha kwamba Nairobi ina nafasi yake katika historia ya mapambano dhidi ya utumwa, si kwa sababu ilikuwa na soko la watu, bali kwa sababu watu wake walikataa utumwa ulipobadilisha vazi. Yamedhihirisha pia kwamba msamiati wa Kiswahili ni kumbukumbu inayoweza kuhojiwa kama nyaraka. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Mwaka 1921 wanyonge wa Pangani walichapisha haki yao kwa Kiswahili, na serikali ililazimika kuisoma.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza uhusiano wa kimofolojia na wa kimaana baina ya maneno mtumwa, mtume na mtumishi.
2. Linganisha hali ya mtoro wa Fuladoyo na ya kibarua aliyeondoka shambani bila kipande chake kutiwa sahihi.
3. Kwa nini badiliko la jina la chama mwezi Julai 1921 lilihitaji badiliko la lugha?
4. Wimbo na kitendo cha guturama ni njia gani za mawasiliano pale maandishi na wajumbe wanaposhindwa?
5. Jadili kauli kwamba mwanamapinduzi apimwe kwa kilele cha maisha yake, si kwa mwisho wake.